SOMO LA KIINGEREZA: MANENO YAANDAMANAYO NA WATAZAMAJI

Sisi tusemao Kiswahili twapiga simu, twapiga pasi, twapiga kura, twapiga picha, twapiga mbizi na twapiga hodi, wala hapana aliyejeruhiwa. Mgeni akiyafasiri hayo yote neno kwa neno, atadhani kwamba sisi ni watu wa fujo. Mwingereza husema "make a telephone call", "cast a vote" na "take a photograph": vitenzi vitatu mbali mbali pahali petu pa kitenzi kimoja. Hapana sababu nyingine ila desturi. Maneno, kama watu, yana rafiki zake, na kila lugha ina urafiki wake.

Kwa ajili hiyo mtu aweza kujua maneno elfu ya Kiingereza na bado barua yake ikasomeka kama nguo iliyoshonwa kwa vipande visivyopatana. Dawa ni moja: neno lisikaririwe peke yake, bali pamoja na rafiki zake. Leo tutachukua neno la watazamaji. Tumelichagua kwa sababu watu wengi hulihitaji: katibu wa klabu aandikaye taarifa ya mchezo, mwalimu wa michezo, mwandishi wa habari, askari, hata mpita njia aliyeitwa kituoni kueleza alichokiona. Na mwishoni msomaji ataona ya kuwa neno moja likipewa rafiki asiye wake laweza kuwadhulumu watu wengi.

1. MACHO NA MASIKIO

Neno letu "watazamaji" hutosha pengi. Kiingereza hugawa kazi hiyo kwa maneno kadha wa kadha, na kila moja lina mahali pake.

"Spectators" ni watu waliokwenda makusudi kutazama mchezo, mashindano au gwaride. Asili ya neno hili ni Kilatini, na maana yake ni kutazama.

"Audience" pia limetoka katika Kilatini, lakini maana ya asili yake ni kusikia. Basi hutumiwa kwa watu waliokaa kusikiliza hotuba au muziki, au kuangalia mchezo wa kuigiza au sinema. Watu walio uwanjani kutazama mpira si "audience". Wale wautazamao mpira huo huo nyumbani kwa njia ya televisheni huitwa "a television audience", na mmoja wao ni "a viewer". Asikilizaye redio ni "a listener".

"Crowd" ni umati, yaani watu wengi waliokusanyika mahali pamoja, wawe wanatazama au hawatazami.

"Onlookers" ni watu waliotokea kusimama na kutazama jambo ambalo hawakulijia, kama vile lori lililopinduka njiani.

"Bystanders" ni wale waliokuwa karibu jambo lilipotokea, lakini hawakuwa na shughuli nalo. Rafiki mkubwa wa neno hili ni "innocent". Mtu aliyepigwa jiwe katika ugomvi usiomhusu huitwa "an innocent bystander".

"Witness" ni shahidi, na aliyeona kwa macho yake ni "an eyewitness".

Tofauti hizi si za mapambo. Tuseme mtu ameitwa polisi kueleza habari za vita vilivyotokea sokoni, naye akasema, "I was a spectator at the fight." Msikilizaji aweza kufahamu ya kuwa alikwenda pale kujistarehesha na ugomvi wa wenzake. Lakini akisema, "I was a bystander," au, "I was passing and saw the fight," amejieleza sawasawa.

2. WINGI NA UKUBWA

"Spectators" wahesabika, kwa hiyo twasema "many spectators", "a few spectators", "thousands of spectators". Lakini "audience" na "crowd" ni kundi zima. Hatusemi "many audience" wala "plenty crowd". Twasema "a large audience", "a small audience", "a large crowd", "a huge crowd". Tukitaka kutaja hesabu twasema "a crowd of 20,000" au "an audience of 300".

Viti vyote vikijaa, Mwingereza husema "a capacity crowd", maana yake umati ulioujaza uwanja. Umati ukipita wote uliopata kuonekana mahali hapo, husema "a record crowd". Mfano maarufu ni mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia la mwaka 1950 baina ya Brazil na Uruguay katika uwanja wa Maracanã, mjini Rio de Janeiro. Waliolipa walikuwa 173,850. Huo ndio "a record crowd" hasa.

Kundi hilo lina tabia pia. Umati uliotulia ni "an orderly crowd". Wenye ghasia ni "an unruly crowd". Wenye uadui ni "a hostile crowd". Wasikilizaji waliokaa kimya kwa kuvutiwa na maneno ya msemaji ni "an attentive audience". Neno "big" si kosa katika mazungumzo, lakini katika taarifa iliyoandikwa "large" hukaa vizuri zaidi.

3. VITENZI: WATAZAMAJI WAFANYAVYO NA WAFANYIWAVYO

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa kitenzi chetu cha kupiga hurudi tena. Watazamaji wetu hupiga makofi, hupiga vigelegele na hupiga miluzi. Kwa Kiingereza makofi ni "clap" au "applaud", kushangilia ni "cheer", miluzi ni "whistle", na kuzomea ni "boo" au "jeer". Basi: "The audience applauded the speaker." "The spectators cheered the winner." Na watu wakiitia moyo timu yao: "They cheered their team on."

Umati hukusanyika: "a crowd gathers". Huongezeka: "the crowd grows". Hunguruma kwa furaha au kwa hasira: "the crowd roars". Husukumana mbele kwa ghafula: "the crowd surges forward". Hutawanyika: "the crowd disperses". Na watu wakijipanga kando ya njia kutazama kinachopita, husemwa "spectators line the route" au "line the road". Sisi wa Afrika Mashariki twaijua sana hali hiyo tangu mwaka 1953, yalipoanzishwa mashindano ya magari yaliyoitwa wakati ule East African Coronation Safari, na ambayo baadaye yalijulikana kwa jina la Safari Rally. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, mwandishi aliweza kuandika bila kosa, "Spectators lined the road to see the cars go by."

Sasa tazama yale wafanyiwayo. Mchezo mzuri huvuta watu: "The match drew a large crowd," au "attracted a large crowd". Hotuba hutolewa mbele ya watu, na kitenzi chake ni "address": "The chairman addressed an audience of farmers." Tahadhari, usiongeze "to" baada ya "address". Msemaji hodari huwashika wasikilizaji wasichoke: "He held his audience for an hour." Waliokosa nafasi hurudishwa mlangoni: "Hundreds were turned away." Polisi huongoza umati au huutawanya: "control the crowd", "disperse the crowd".

Mfano mwingine wa kusomesha ni mchezo wa mwisho wa Kombe la FA wa tarehe 28 Aprili 1923, uliokuwa wa kwanza katika uwanja mpya wa Wembley, London. Walioandikwa kuwa wameingia ni 126,047, lakini maelfu mengine walipenya, hata uwanja wenyewe wa kuchezea ukafunikwa na watu. Mchezo ulichelewa kiasi cha robo tatu ya saa, mpaka askari wapanda farasi waliporudisha watu nyuma polepole. Mmoja wao, George Scorey, alipata sifa kwa sababu ya farasi wake mweupe aitwaye Billy. Ndipo Bolton Wanderers wakaishinda West Ham mabao 2 kwa 0. Kwa Kiingereza habari hii hujibeba yenyewe: "The crowd spilled on to the pitch. Mounted policemen moved the crowd back and cleared the pitch. The match began late." Angalia jinsi kila nomino ilivyopata kitenzi chake.

4. MANENO MADOGO

Neno letu "kati ya" hutudanganya. Kiingereza hutofautisha "between", yaani kati ya wawili, na "among", yaani kati ya wengi. Kwa hiyo husemwa "among the spectators", wala si "between the spectators". Lakini kwa kundi zima hutumiwa "in": "in the crowd", "in the audience". Mchezaji hucheza "in front of a crowd", na mwimbaji huimba "before an audience" au "in front of an audience".

Na mchezo usiokuwa na watazamaji? Kwa Kiingereza husemwa umechezwa "behind closed doors", yaani nyuma ya milango iliyofungwa, hata kama uwanja hauna dari. Maneno hayo yalisikika sana mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani. Hata Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanywa mwaka 2021, ilifanyika karibu yote bila watazamaji viwanjani.

5. NENO LAWEZA KUMDHULUMU MTU

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba jambo hili ni la ufasaha tu, na kwamba mwenye kukosea atachekwa kidogo basi yakaisha. Sivyo. Ulimi hauna mfupa, na kalamu vile vile haina.

Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Uingereza, Liverpool na Nottingham Forest walikutana katika nusu fainali ya Kombe la FA. Mchezo ulikuwa uanze saa tisa alasiri. Nje ya upande mmoja wa uwanja maelfu ya mashabiki wa Liverpool walisongamana mbele ya milango michache myembamba. Saa tisa kasoro dakika nane polisi waliamuru mlango mkubwa wa kutokea ufunguliwe. Walioingia walifuata njia iliyoelekea moja kwa moja kwenye vizimba viwili vya katikati, ambavyo vilikuwa vimekwisha kujaa, na mbele yake palikuwa na uzio wa chuma. Mchezo ulisimamishwa saa tisa na dakika sita. Watu 94 walikufa siku ile, na wengine baadaye kwa sababu ya majeraha yao, hata jumla ikawa 97. Wa mwisho alifariki mwaka 2021.

Mkuu wa polisi aliyesimamia mchezo alitoa habari kwamba mashabiki walivunja mlango. Kwa Kiingereza ni kama kusema, "The fans forced the gate." Kweli ilikuwa, "The police opened the gate." Tazama, ndugu msomaji: mlango ni ule ule, watu ni wale wale, saa ni ile ile. Kilichobadilika ni mtendaji na kitenzi chake tu. Siku nne baadaye gazeti moja la London lilichapa katika ukurasa wa kwanza kwamba mashabiki waliwaibia waliokufa na kuwapiga polisi. Kwa miaka mingi neno "fans" katika habari ile liliandamana na rafiki wabaya, kama "drunken" na "ticketless", yaani walevi na wasio na tiketi.

Jaji Taylor, aliyefanya uchunguzi, alisema mwezi wa Agosti 1989 kwamba sababu kubwa ilikuwa polisi kushindwa kuuongoza umati. Hata hivyo maneno yale mabaya hayakufa. Mwaka 2012 jopo huru lilizichapisha hati nyingi zilizokuwa zimefichika, na Waziri Mkuu akaomba radhi Bungeni. Mwisho, tarehe 26 Aprili 2016, baraza la raia lililosikiliza ushahidi kwa muda wa miaka miwili liliamua kwamba watu 96, idadi iliyojulikana wakati ule, "were unlawfully killed", yaani waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuwa sababu. Jamaa zao walingoja miaka 27 ili neno moja liondolewe na jingine liwekwe pahali pake.

Kutokana na habari hii twapata mafunzo matatu ya lugha.

Kwanza, "crowd" si "mob". "Crowd" ni umati tu, hauna lawama. "Mob" ni kundi la wafanya fujo. Mwandishi asiyeona fujo kwa macho yake asiandike "mob".

Pili, "crush" si "stampede". "Stampede" ni neno la ng'ombe na farasi wakimbiao ovyo kwa hofu. Likitumiwa kwa watu, huwatia lawama ya kukimbia na kukanyagana. "Crush" ni msongamano uwabanao watu hata wasiweze kupumua, na mara nyingi hufa wakiwa wamesimama, hapana aliyekimbia. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu saba walikufa katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku Gor Mahia walipocheza na AFC Leopards. Habari nyingi za Kiingereza ziliiita "stampede". Kabla ya kuandika neno hilo yafaa kujiuliza: je, watu walikimbia, au walibanwa?

Tatu, mtaje mtendaji. Ukiandika "the gate was opened", msomaji hajui ni nani aliyeufungua. Ikiwa wajua, sema. Ikiwa hujui, usibuni.

6. MFANO WA TAARIFA

Katibu wa klabu aweza kuandika hivi:

"A large crowd gathered at the ground early in the afternoon. By three o'clock every seat was taken, and about two hundred people were turned away. The spectators cheered both teams and were orderly throughout the match. At half-time there was a crush at the north gate, and the stewards opened a second gate. Nobody was hurt. After the match the crowd dispersed quietly."

Taarifa hii ni fupi, wala haina neno la kujivunia. Lakini asomaye ajua watu walikuwa wengi kiasi gani, walikuwa na tabia gani, shida ilitokea wapi, na nani aliyefungua mlango. Hapana mtu aliyesifiwa bure, wala aliyeshutumiwa bure.

7. MAZOEZI

Jaza nafasi kwa maneno haya: addressed, among, audience, capacity, closed, onlookers, opened, spectators.

1. The singer held her ______ for two hours.
2. Thousands of ______ lined the road to see the cars.
3. The lorry overturned, and soon a group of ______ gathered.
4. The headmaster ______ a meeting of parents.
5. My brother was ______ the spectators.
6. The final drew a ______ crowd. Not one seat was empty.
7. Because of the disease, the match was played behind ______ doors.
8. Nobody forced the gate. A steward ______ it.

Majibu: 1. audience, 2. spectators, 3. onlookers, 4. addressed, 5. among, 6. capacity, 7. closed, 8. opened.

Aliyepata yote nane amefanya vizuri. Aliyekosa mawili matatu asikate tamaa, bali asome tena sehemu ya 3 na ya 4.

Tena, kila msomaji yafaa awe na daftari dogo. Aandike nomino moja juu ya ukurasa, kisha chini yake aandike sifa, vitenzi na maneno madogo yaandamanayo nayo, kila ayakutapo gazetini, kitabuni au katika redio. Kwa kuanza, aandike "crowd", aache nafasi ya mistari kumi, na mstari wa kwanza aujaze leo.